Nani Aliyewaonyesha Pa Kula?

Addis Ababa, 6 Tikimt

Mke wangu Yeshimebet,

Tumefika salama, mimi na mama. Basi lilikufa mara moja tu, kwenye mlima wa Debre Sina, tukashuka na kuota baridi mpaka fundi akalifufua. Tumepata chumba kwa Mzee Tessema, yule rafiki wa marehemu baba mwenye nyumba nyuma ya Piassa. Hakutaka kusikia habari ya sisi kulala kwingine.

Hospitalini wamempima mama damu, kifua na tumbo. Hawakuona kitu. Daktari aliniita pembeni akaniambia mama haumwi popote, ila tangu afiwe na mumewe ameamua kutokula, na dawa ya uamuzi haiuzwi. Akashauri nimtembeze, nimwonyeshe mji, nimpe chakula kizuri, huenda tumbo likakumbuka kazi yake. Mkuu wa shule amenipa ruhusa mpaka mwisho wa mwezi, basi nimeanza.

Jana tulikwenda makumbusho kuiona mifupa ya Dinknesh, yule mwanamke wa kale wa mamilioni ya miaka. Mama alisimama mbele ya kioo muda mrefu, akaniuliza kama huyu naye alikuwa na mtu wa kula naye. Nikamwambia sayansi haijafika huko.

Tulipotoka, njaa ilikuwa inanikata maini. Nikaingia mlango wa kwanza niliouona, ng'ambo ya barabara, kijana ananivuta mkono na picha za chakula zimejaa ukutani. Yeshi, mkate ule wa injera ulikuwa umelala siku mbili, baridi kama kitambaa cha kufutia ubao. Mchuzi ulikuwa mafuta yanayoelea, nyama imetajwa tu. Mama alichovya kidole, akakifuta. Mimi mwalimu wa jiografia najua mto Awash unapotelea jangwa gani, lakini katika mji huu sijui pa kumlisha mama yangu. Wewe ungejua.

Mumeo,
Getnet


Dessie, 9 Tikimt

Getnet,

Barua yako imenichekesha, kisha imeniudhi, kisha imenitia huruma.

Sikiliza. Mahali pazuri pa kula hapamwiti mtu. Ukiona wanakuvuta mkono, ujue waliokula jana hawakurudi leo. Usikae penye picha ukutani. Chungulia kwanza nani ameketi: kama wote wana kamera shingoni, toka, kama kuna familia imetoka kubatiza mtoto, kaa. Nusa kabla hujaingia, maana siagi iliyochemshwa vizuri na viungo vyake hunukia mpaka barabarani. Na ukishindwa kabisa, uliza wanawake. Wanaume watakuelekeza kwenye bia.

Mwanetu Mihret hajambo, anakuulizia. Nyumba imekuwa kimya. Nimepika arusi mbili wiki hii, sufuria zimerudi zimekombwa, bibi arusi mmoja alinibusu mikono. Kisha nakumbuka miezi hii yote niliyompikia mama yako, vitunguu nikivikaanga mpaka macho yanakauka machozi, kuku nikamkata vipande kumi na viwili kama alivyonifundisha mwenyewe, na chakula kikarudi jikoni kama kilivyokwenda. Watu hawajui maneno yale yanauma vipi: "Asante, mwanangu, nimeshiba." Hata tonge hajatia.

Basi mtafutie. Na uniandikie kila alichokula.

Naona wivu kidogo, sitakuficha. Tangu tuoane unaniahidi Addis, na aliyekwenda ni mama yako.

Yeshimebet


Addis Ababa, 13 Tikimt

Yeshi wangu,

Mama amekula!

Jumatano tulikwenda kanisa la Utatu Mtakatifu. Baada ya kusali tulizunguka nyuma, kwenye kichochoro ambacho nisingekidhania, tukaingia geti la buluu lisilo na kibao. Ndani kuna mama mmoja mnene na vyungu vyake. Siku ya mfungo, kwa hiyo ilikuwa shiro ya dengu tupu, lakini unaletewa katika chungu, bado inatokota kama inakugombeza, na pilipili mbichi kando. Mama alikula. Si kuonja, Yeshi, kula. Ikabidi tuagize chungu cha pili.

Juzi tulipanda Entoto kwenye kanisa la Mariamu. Tulipokuwa tunashuka tukaingia nyumba ya chakula ya Wagurage, nyama ya kusaga yenye siagi, jibini pembeni, mkate wa kocho. Mama akala tena. Jana tuliwaona simba wa bustani ya Sidist Kilo, akasema wamekonda kuliko yeye, kisha tukateremka Piassa kunywa kahawa ya maziwa na keki ya tabaka tabaka, mahali ambapo unakaa karibu na dirisha la nyuma kwa sababu keki hutokea huko na unaipata ya moto. Shavu lake limeanza kurudi. Jana nilimsikia anacheka.

Nilikuwa sijui kwamba mji una ladha namna hii. Tulivyoelekezwa ndivyo tulivyokwenda, na hatujakosea hata mara moja. Laiti ungekuwepo.

Getnet


Dessie, 15 Tikimt

Baba Mihret,

Namshukuru Mungu kwamba mama amekula. Nimeliandika hilo kwanza usije ukasema sikuliandika.

Sasa niambie, nani aliyewaelekeza?

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Mwanamume ambaye katika nyumba yake mwenyewe hajui chumvi inakaa wapi, leo anajua geti la buluu lisilo na kibao. Anajua keki inatokea dirisha la nyuma. Wiki iliyopita ulikuwa unakula mafuta yanayoelea, wiki hii umekuwa mfalme. Barua nzima umeandika "tukaingia", "tulivyoelekezwa", "tukateremka", kama kwamba njia ilifunguka yenyewe mbele yenu. Wewe na mama mkikaa hamfanyi kicheko. Nawajua nyote wawili.

Nilikwambia uulize wanawake. Sikusema uulize mmoja.

Na lingine, ambalo limeninyima raha hata sokoni. Shiro, Getnet. Unga wa dengu na maji. Kuku wangu alirudishwa mwezi hadi mwezi, na kwa shiro ya mtu asiye na kibao mlangoni mama yako ameomba chungu cha pili. Huyo mama mnene anatia nini?

Nasubiri jina.

Yeshimebet


Addis Ababa, 19 Tikimt

Mke wangu,

Hasira ya nini? Sikuficha, nilisahau. Anaitwa Tiruwork, ni binti wa Mzee Tessema, yuko hapa hapa nyumbani. Ni mtu wa makamo, aliachana na mumewe zamani, ana duka la kushona nguo za arusi. Alituona tunarudi siku ile ya makumbusho, mama amejikunyata, akaniambia, "Mwalimu, unamtembeza mama yako kama kifurushi cha posta." Tangu hapo anafunga duka saa sita na kufuatana nasi. Kila tukitoka kanisani au kwenye bustani humuuliza mama mdomo wake unataka nini leo, na lolote litakalotajwa anajua liko mlango gani. Kila jikoni wanamjua. Ana mzaha sana. Huwezi kuwa na huzuni mbele yake.

Ni hilo tu. Mbusu Mihret.

Getnet


Dessie, 21 Tikimt

Mama mkwe wangu Atsede,

Nakuinamia na kukubusu magoti. Nimefurahi kwamba umepata hamu ya kula.

Nisamehe kwa nitakalouliza, sina mwingine wa kumuuliza. Huyo Tiruwork anayewaongoza, ni wa makamo kweli, kama Getnet anavyosema? Na chakula cha huko kina nini ambacho changu hakina? Niambie bila kunihurumia. Kama ni pilipili nitapunguza, kama ni siagi nitabadilisha anayeniuzia.

Mkweo,
Yeshimebet


Addis Ababa, 25 Tikimt

Yeshimebet binti yangu,

Unajua kuandika nilijifunza ukubwani, mkono wangu ni mzito. Nitasema machache.

Makamo? Amesema makamo? Wewe ni mkubwa kwake. Ana shingo ndefu na gauni la kijani, akicheka watu wa meza ya pili wanageuka. Mwanangu siku hizi ananyoa ndevu kila asubuhi. Baba yake naye alinyoa hivyo mwaka ule wa jirani yetu muuza asali. Haikumfikisha popote.

Lakini mimi simtazami mwanangu. Mimi nakula. Jana kondoo, mbavu zake, karibu na soko kubwa la Merkato, nikazimaliza. Umeuliza chakula hiki kina nini. Hilo siwezi kuliandika.

Nyumbani sirudi kwa sasa.

Atsede


Dessie, 27 Tikimt

Kwa Tiruwork Tessema,

Sikujui wala hunijui, kwa hiyo sitakuuliza hali.

Nasikia unajua kila mahali pa kula katika mji huo. Basi unajua pia kwamba mji umejaa wanaume wenye njaa wasio na wake. Ungeanza na hao. Huyo unayefuatana naye ana sinia lake Dessie, na anayempikia watu humbusu mikono. Ukweli ni kwamba mume wa mtu akinyoa ndevu kila asubuhi ugenini, si kwa ajili ya simba wa Sidist Kilo.

Funga duka lako saa sita ukipenda. Lakini mwache wangu apotee njia mwenyewe.

Yeshimebet Alemayehu


Addis Ababa, 30 Tikimt

Dada Yeshimebet,

Barua yako niliisoma dukani, pini zikiwa mdomoni, nusura nizimeze.

Sitakudanganya. Mumeo ni mtu mzuri, na ndiyo, ananitazama. Nimezoea. Wanaume huja dukani kwangu na wachumba wao na kunitazama kwenye kioo. Simtaki. Akianza habari za mito na mabonde mimi husinzia. Lakini kwa kuwa umekasirika, nitakwambia ninachokitaka, ili ukasirike kwa sababu iliyo ya kweli.

Namtaka mama.

Wangu alikufa nikiwa msichana. Baba yangu anakula chumbani kwake na redio. Nilipoachika nilirudi hapa, nikawa napika, naweka mezani, natazamana na ukuta. Ndiyo maana nikaanza kutoka. Hivyo ndivyo nilivyoyajua mageti yote yasiyo na vibao. Watu hunisifu kwa hilo. Hawajui kwamba ni elimu ya mtu asiye na wa kula naye.

Siku ile nyuma ya kanisa la Utatu, mama alikaa mikono mapajani. Nikakata tonge la shiro nikamlisha kwa mkono wangu, kama tufanyavyo kwa mtu wetu. Alinitazama kana kwamba nimemtukana. Kisha akatafuna. Kisha akanyoosha mkono, akakata lake akanilisha mimi. Sikuwa nimelishwa na mtu tangu nikiwa na meno ya utoto. Nilijifanya machozi ni ya pilipili.

Nimemwomba akae kwangu. Hajakataa.

Wewe una mume wa kumwonea wivu, una mtoto, una mama mkwe. Dada, kati yetu mwenye haki ya kuona wivu ni mimi.

Tiruwork


Addis Ababa, 2 Hidar

Yeshi,

Ruhusa yangu imekwisha. Leo asubuhi nilibeba mizigo mpaka kituo cha basi, mama akaketi juu ya begi lake, akakataa kupanda. Nilimsihi, dereva akamsihi, abiria wakaanza kutupigia kelele. Akasema niende nikafundishe, yeye ameshapata mahali. Nikarudi naye kwa Mzee Tessema. Nampa dereva wa basi lingine barua hii. Mimi nafika keshokutwa, peke yangu. Sijui nimekosea wapi.

Na lile neno la makamo, naona lilikuwa kosa.

Getnet


Addis Ababa, 11 Hidar

Getnet,

Najua sikukupokea vizuri. Ulipoingia bila mama nilichukua begi ulilolitua, nikatoa nguo zako, nikatia zangu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia huyo mwanamke. Nilikuwa nayo mengi, na mengine mazuri sana. Basi lilipofika Addis nilikuwa nimeyapigilia msumari.

Alinifungulia mlango yeye. Ni mzuri, Getnet. Ungeniambia mapema ningejiandaa. Alinitazama kuanzia viatu hadi mtandio wa kichwani, nami nikamtazama hivyo hivyo, kisha akasema, "Umechoka. Twende tukale," nami na maneno yangu yote nikamfuata.

Tulikwenda kwanza kanisa la Mtakatifu Giorgis, kwa kuwa mama alitaka nilione. Sikuona kitu. Nilikuwa naona jinsi mama alivyomshika mkono kwenye ngazi, yeye na si mimi. Miaka yote niliyokaa naye hajawahi kuniegemea hivyo. Kwenye ngazi zile niliona wivu ambao hata kwako sikuuona, na wewe ulinyoa ndevu.

Kutoka kanisani tukateremka kidogo, tukaingia nyumba moja ya ghorofa ya mbao, watu wamebanana magoti. Kwa sababu mfungo unaanza wiki hii kila mtu alikuwa anakula kuku. Tukaletewa wa kwetu. Nikaonja. Vitunguu vimeharakishwa, Getnet. Pilipili ya berbere imetiwa kabla mafuta hayajatulia, na yai limepasuka. Kuku wangu mimi anamshinda kwa mbali sana. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka nikataka kusimama nitangaze.

Kisha nikamtazama mama. Alikuwa anakula. Vitunguu vile vile vibichi, anakula, na mkono wake unagongana na wa Tiruwork juu ya sinia moja. Furaha yote ikanikauka. Kama chakula chao kingekuwa bora ningejua la kufanya, ningejifunza. Lakini changu ndicho bora, na hakuwa anakitaka.

Nikamuuliza hapo hapo, mbele za watu. Nikamwambia, mama, nimekukosea nini?

Akafuta vidole. Akasema, "Miaka arobaini nilikula sinia moja na mume wangu Belachew. Alipokufa mkanipa langu. Mnaliweka mezani, mnalifunika kwa kitambaa safi, mnaondoka. Vipande vizuri vyote vyangu. Binti yangu, hivyo ndivyo anavyopewa mgeni ambaye watu wanataka aende zake."

Unakumbuka ilivyokuwa. Baada ya siku arobaini wanawake wa jirani waliniambia mjane mzee hukaa kwa heshima, asisukumane na watoto kwenye sinia. Nami nikaona ni kweli, nikamnunulia meza yake ndogo, nikajivunia. Kila siku nilikuwa namchagulia paja na yai. Kila siku nilikuwa namfukuza.

Nilikata tonge, nikalikunja vizuri, nikalipeleka mdomoni kwake. Akafunga mdomo. Akasema, "Mpe yeye kwanza."

Yeye. Tiruwork. Mkono wangu ulikuwa hewani na watu wanatazama. Getnet, sijawahi kuchukia kufanya jambo kama nilivyochukia lile. Lakini nikageuza mkono. Na kwa kuwa nilikuwa bado na hasira, nililiongezea nyama, nikaliongezea injera, likawa kubwa kama ngumi ya mtoto, nikamsukumia lote. Alitafuna machozi yanamtoka, hawezi kupumua, hawezi kulitema. Alipolimeza alicheka, na kweli watu wa meza ya pili waligeuka. Kisha akanikatia la kwangu. Lake lilikuwa kubwa zaidi. Alinilisha polepole, akitabasamu, mpaka mashavu yangu yakajaa na siwezi hata kumtukana.

Mama alisubiri tumalize. Kisha akafungua mdomo, nami nikamlisha.

Amekubali kurudi. Ila ametoa sharti, nami nimelikubali kabla sijalifikiria, na sasa nimelifikiria na bado nimelikubali. Keshokutwa tunapanda basi watatu. Tiruwork amefunga duka mpaka Noeli ipite. Anasema huko Dessie hakuna anayejua kushona mkono wa gauni, na mimi nimemwambia huku Addis hakuna anayejua kukaanga kitunguu. Tumebishana hivyo tangu asubuhi. Mama anatusikiliza kama redio.

Bado simpendi kabisa. Akimchekesha mama nasikia kitu kinanichoma hapa. Lakini jana usingizini mama aliita jina, na lilikuwa langu, na Tiruwork aliyelala kitanda cha pili alilisikia. Asubuhi nilimkuta mbele ya kikombe kitupu cha kahawa. Basi nilimmiminia mimi.

Ile meza ndogo ya mama ipeleke kwa jirani, asiikute. Azima kwa rafiki yangu Askale lile sinia lake la arusi, letu halitatutosha. Tiruwork atalala na Mihret. Mama atakaa katikati yetu. Na wewe, mwalimu, utakaa ng'ambo, mkabala na mimi, mahali ambapo nitakuwa nauona mkono wako vizuri.

Mkeo,
Yeshimebet